Umbali Unabebwa na Nani

Mabasi ya mikoani yameondoka katikati ya Dar es Salaam kwa awamu, na kila awamu imefuata Barabara ya Morogoro. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka Kisutu, ambako ulishuka kutoka Tukuyu au Singida na kuku wako kwenye tenga, ukavuka barabara mbili tatu, ukawa umefika mahakamani, Posta, au dukani kununua kitenge cha kupeleka nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabasi yakapelekwa Ubungo. Februari 2021 ikafunguliwa Mbezi Luis, stendi yenye jina la Rais Magufuli, kilomita ishirini na ushei kutoka Posta. Sababu iliyotolewa mara zote ni moja: foleni. Na mara zote ilikuwa sababu ya kweli.

Hilo la ukweli nalisema mapema, maana anayelalamikia stendi iliyohamishwa huonekana upesi kuwa mtu wa kulilia zamani. Aliyewahi kukaa makutano ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, Barabara ya Morogoro ikikutana na Mandela na Sam Nujoma, hana haja ya kuhadithiwa. Mabasi makubwa yaliingia na kutoka kwenye geti jembamba huku daladala zikipenya ubavuni. Wapiga debe walikunyang'anya begi kabla hujasema unakwenda wapi, na kama ulikuwa mgeni ulijikuta umekatiwa tiketi ya basi ambalo lingeondoka kesho. Kuna watu walioibiwa pale akiba ya mwaka mzima. Stendi ile haikuwa pepo.

Kuna jambo moja dogo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Siku ileile Mbezi ilipozinduliwa, lilizinduliwa pia daraja la juu la Ubungo, lililopewa jina la Balozi John Kijazi. Yaani dawa ya foleni na kuondoka kwa anayedaiwa kuileta vilifika kwa pamoja, na hatukupata nafasi ya kujua daraja peke yake lingefanya nini.

Ninachotaka kukitafakari ni kile kinachotokea kwa umbali baada ya uamuzi kupita. Umbali haufutiki. Zamani basi lilimbeba abiria hadi Ubungo, kilomita kama kumi kutoka mjini. Leo basi linamwacha Mbezi, na zile kilomita za katikati anazibeba mwenyewe. Basi moja lenye watu hamsini na kitu, injini moja, dereva mmoja, linabadilishwa na daladala, bajaji, bodaboda na teksi, kila mmoja akilipia kipande chake. Kwenye ripoti ya barabara hiyo huandikwa kuwa msongamano umepungua. Kwenye mfuko wa abiria ni nauli ya pili ambayo haikuwamo kwenye tiketi.

Mtu anaweza kunijibu, na jibu lake lina uzito: nani siku hizi anakwenda Posta? Jiji limetanuka. Abiria wa Mbeya anaishi Goba, Kimara, Kibamba, Kibaha. Kwa huyo Mbezi ni mlangoni, na kumpeleka Ubungo ndiko kulikuwa kumpitiliza kwake. Ni kweli, na wapo wengi wa namna hiyo. Katikati ya jiji si lazima iwe mahali ilipokuwa wakati wa Mjerumani.

Lakini tazama ni nani anashuka basi akiwa hana nyumba Kimara wala Goba. Ni yule aliyekuja kwa shida. Mgonjwa kutoka Songea mwenye miadi ya mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, kule pwani karibu na Ikulu. Aliyepewa rufaa ya Muhimbili. Mjane anayefuata mirathi. Kijana wa Kasulu mwenye usaili kesho asubuhi. Wenyeji wa jiji wana ndugu wa kuwapokea kwa gari, au wanajua kona ya kusubiri mwendokasi. Mgeni mwenye shida ndiye anayezijua kilomita hizi kwa miguu yake, na ndiye asiyejua bei ya bajaji ni ngapi.

Tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, jambo hili limepata sura nyingine. Basi linaweza kuingia Mbezi saa tisa za usiku. Nimemwona pale mama mmoja amekaa juu ya kiroba cha mchele, mtoto amelala mapajani, mkono mmoja umeshika kamba ya begi kama anayeshika ng'ombe mnadani. Dereva wa bajaji alimtajia bei ya kwenda Upanga. Mama hakubishana. Alitazama chini tu, akavuta khanga kumfunika mtoto, na bajaji ikaenda kwa mwingine. Angengoja kupambazuke, mabasi ya mwendokasi yaanze. Jengo lile ni zuri, sakafu yake inapigwa deki, taa zinawaka. Hakuna aliyemkosea adabu. Ila saa zile tatu za benchi zilikuwa zake peke yake, na hakuna kitabu cha hesabu cha serikali zitakamoandikwa.

Ndiyo maana makampuni mengi hayakuacha kupakia kwenye ofisi zao za Shekilango na Urafiki hata baada ya Mbezi kufunguliwa. Zikatolewa amri, yakatokea mabishano, wengine wakatozwa faini. Wakubwa waliona ukaidi wa wafanyabiashara. Mimi naona pia abiria waliokuwa wakipiga kura kwa miguu: walipanda pale walipoona panawafaa, na mwenye basi, ambaye si mtu wa siasa, akawafuata.

Sasa tuje kwenye ofisi. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao ya utawala wao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa sababu meli haziwezi kusogea karibu na fukwe za Bagamoyo, na hapa palikuwa na bandari yenye kina. Mji mkuu ulichaguliwa kwa ajili ya meli. Ofisi zikajengwa pale Kivukoni zikitazama maji, reli ikaanzia hapohapo, na hadi leo ukisimama karibu na kanisa la Azania Front unaona kitu ambacho hakuna aliyekipanga kwa ajili ya Mwafrika lakini kilimfaa baadaye: stesheni ya treni, kivuko cha Kigamboni, vituo vya daladala vya Posta, na majengo yaliyokuwa ya wizara, vyote ndani ya mwendo wa kutembea bila kutoka jasho jingi. Kwa miongo kadhaa mtu wa Kigoma aliweza kushuka kwenye treni na kutembea kwa miguu hadi mlango wa wizara. Mkoloni hakukusudia wema huo. Ulitokea tu kwa kuwa kila kitu kilitaka kuwa karibu na bandari.

Bara hali ilikuwa nyingine. Boma la wilaya mara nyingi lilikaa kilimani au penye uwazi, mahali ambapo askari angeona anayekuja kabla hajafika. Kiwanja kilichaguliwa kwa jicho la mlinzi. Tulipopata Uhuru tulirithi majengo na viwanja vyake, na katika miji kadhaa mkuu wa wilaya bado anakaa kule juu, na mwenye shida bado anapanda kilima. Sisemi kwamba kuna mtu leo anayekusudia kumchosha. Nasema tu kuwa kiwanja kina kumbukumbu ndefu kuliko ya waliokichagua.

Ndiyo maana uamuzi wa 1973 wa TANU kuhamishia makao makuu Dodoma unanigusa kila nikiurudia, hata baada ya kuona jinsi ulivyosuasua. Ulikuwa uamuzi wa kwanza mkubwa wa kiwanja katika nchi hii ambao hoja yake kuu haikuwa meli, bunduki wala biashara. Hoja ilikuwa mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara: serikali isogee katikati ili safari igawanywe kwa haki. Unaweza kubisha kuhusu gharama, na wengi walibisha. Unaweza kusema Dodoma ni kame, na ni kame kweli. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa swali sahihi, yaani nani abebe umbali, na jibu lilikuwa kwamba tuubebe sote kwa kadiri ilivyo sawa.

Mpango mkuu wa kwanza wa Dodoma, uliotayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulilibeba swali hilohilo hadi ndani ya mji. Ulichora makazi ya ukubwa wa kadiri, yaliyounganishwa kwa njia ya mabasi, mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli wakitangulizwa, gari binafsi likija baadaye. Msanifu wa New York, James Rossant, alihusika kuchora eneo la katikati lenye ofisi za serikali. Sehemu kubwa ya michoro ile ilibaki karatasini. Fedha hazikuwapo, vita vya Uganda vikaja, na wizara zikaendelea kukaa Dar es Salaam zikituma wajumbe Dodoma wakati wa Bunge.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa sasa tunahama kweli. Dodoma ikapandishwa kuwa jiji Aprili 2018, na Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali, Mtumba. Nampongeza aliyemaliza kilichokuwa kimebaki maneno kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini Mtumba iko kilomita kumi na saba kutoka katikati ya Dodoma. Serikali ilisogea mamia ya kilomita kumfuata mwananchi katikati ya nchi, halafu ikasimama kumi na saba kabla ya kufika mjini.

Mchukue mwalimu wa Mpwapwa anayefuatilia uhamisho wake. Siku hizi maombi hutumwa kwa mfumo, ila kila mwalimu anajua kwamba kuna siku mfumo unanyamaza na inabidi uende mwenyewe, uso kwa uso. Anapanda basi asubuhi, anapita Kongwa, anatokea Mbande kwenye barabara kuu, na anapokaribia Dodoma anaziona wizara kupitia dirishani. Basi linapita Mtumba, linapita Ihumwa, linaendelea hadi stendi kuu ya Nanenane. Akiwa mjanja atamwambia konda amshushe njiani, na konda akiwa na moyo mzuri atakubali, naye ashuke kwenye bega la barabara kuu huku malori ya Rwanda yakimpita, atafute bodaboda ya kumwingiza ndani. Asipokuwa mjanja atafika stendi, atafute usafiri, arudi alikotoka. Stendi na wizara viko kwenye barabara ileile moja, na bado havijuani.

Hapa ndipo naona tatizo lilipo, na si la Dodoma peke yake. Kiwanja cha stendi huchaguliwa na watu wanaofikiria mabasi: upana wa geti, kona ya kugeuzia, ushuru wa kuingia. Kiwanja cha ofisi huchaguliwa na watu wanaofikiria majengo: eneo kubwa, maegesho, usalama, nafasi ya kupanuka miaka hamsini ijayo. Vikao viwili, meza mbili, ramani mbili. Mwalimu wetu anaonekana kwenye ramani zote mbili kama nukta, na mstari wa kutoka nukta hii hadi ile haujachorwa na yeyote. Anauchora yeye kwa viatu vyake.

Na tuseme lililo wazi kuhusu wanaokaa kwenye vikao hivyo. Wengi wao wana gari, na wengine wana gari lenye dereva. Mtu mwenye gari hupima mahali kwa dakika za kuendesha na nafasi ya kuegesha. Kwake Mtumba ni pazuri kuliko mjini: barabara pana, hakuna foleni, kivuli cha kuegesha kitakuja miti ikikua. Hana nia mbaya. Anachagua kwa mwili alionao. Ukimwambia kilomita kumi na saba atakujibu ni robo saa, na kwake ni robo saa kweli.

Lazima nitenganishe mambo hapa, maana si kila ofisi inahitaji kukaa kando ya stendi. Kuna ofisi za kufikiri na kuna ofisi za dirishani. Anayeandika sera ya madini hana sababu ya kukaa penye honi na wauza maji. Mwacheni Mtumba na ukimya wake, huenda ataandika vizuri zaidi. Lakini cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja, pasipoti, uhakiki wa mstaafu, mahakama ya mwanzo: hizi ni ofisi ambazo mtu huzifuata kwa mwili wake, mara nyingi akiwa amevaa nguo yake nzuri na bahasha ya kaki mkononi, mara nyingi akiwa amekopa nauli. Hizi zikae anaposhukia.

Najua nitakachoambiwa: mtandao utamaliza safari zote hizi. Umepunguza, sikatai. Namba ya malipo inakuja kwenye simu, fomu nyingi zinajazwa nyumbani au kwa kijana wa steshenari. Ila alama za vidole hazitumwi kwa simu. Na mara ngapi mtu amefika dirishani akaambiwa mtandao unasumbua, njoo kesho? Maneno hayo mawili ya mwisho, kwa anayeishi jirani, ni usumbufu wa nusu saa. Kwa aliyetoka kijijini ni usiku wa kulala gesti, chakula cha jioni, na nauli nyingine ya ndani ya mji mara mbili. Kama ofisi ingekuwa kando ya stendi, walau asingelipa kipande cha katikati.

Kenya walilijaribu hili kwa namna ninayoiheshimu. Novemba 2013 serikali ilifungua Huduma Centre ya kwanza katika jengo la posta kuu la Nairobi, GPO, mahali ambapo matatu nyingi hupita au husimama hatua chache kutoka hapo. Jengo halikuwa jipya. Walichukua ukumbi wa posta, wakapanga madirisha, kitambulisho hapa, cheti cha kuzaliwa pale, bima kule, mtu akaingia mlango mmoja. Kwa mtazamo wa mpenda majengo, huo ni mradi mdogo usio na fahari. Kwa mtu aliyetoka Kitui na kutakiwa kuzunguka ofisi nne katika majengo manne, ni siku nzima aliyorudishiwa.

Jiji hilohilo lilitoa pia funzo la upande wa pili. Tarehe 3 Desemba 2018 Gavana Mike Sonko alizuia matatu kuingia katikati ya Nairobi. Zikatakiwa kushusha watu pembezoni, na abiria wamalizie kwa miguu. Siku hiyo barabara za kuingilia mjini zilijaa watembeao: wazee, wajawazito, watu wenye magongo, wanafunzi, mama mboga na mafurushi. Na katikati ya hao wote, magari binafsi, kila moja na mtu mmoja au wawili, yaliingia mjini kama kawaida. Amri haikumaliza hata siku mbili ikasitishwa. Nadhani kilichoiua haraka vile ni kwamba kwa mara moja kila mtu aliona kwa macho kile ambacho kwa kawaida hufichika: mjini pana foleni, na walioambiwa washuke ni wale waliokuwa wamechukua nafasi ndogo kuliko wote barabarani.

Kwetu hatujafanya kwa siku moja, tumefanya kwa miaka. Ndiyo maana halijapigiwa kelele.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya bei ya ardhi. Madiwani huambiwa: kiwanja cha katikati ni dhahabu, hamwezi kukiacha kikaliwa na mabasi yanayomwaga oili. Uzeni au mkodishe, mjenge stendi ya kisasa nje, na chenji ibaki. Kwa hesabu ya halmashauri yenye bajeti finyu, hoja hii ni ngumu kuikataa, nami ningekuwa mweka hazina ningeipenda. Pale Ubungo, kwenye stendi ya zamani, pamejengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka mengi, na bila shaka kodi inayotoka pale inazidi ushuru wa mabasi.

Lakini dhahabu ile ilitoka wapi? Ubungo ya katikati ya miaka ya 1990 haikuwa mahali pa kugombewa. Palikuwa nje. Stendi ndiyo iliyoleta watu, watu wakaleta gesti, gesti zikaleta mama lishe, mawakala wa tiketi, vibanda vya simu, maduka ya mabegi, mafundi viatu, na baada ya miaka ishirini tukasimama tukasema pamekuwa ghali mno kwa stendi. Mbezi itapita njia hiyohiyo. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imeshapanuliwa hadi njia nane, na viwanja vya pale vinapanda bei kila mwaka. Siku itafika atasimama mtu kwenye baraza fulani na kusema Mbezi sasa ni katikati, tuhamie Kibaha, na atakuwa na takwimu za foleni mkononi. Abiria ndiye anayelitengeneza eneo hadi linakuwa na thamani, kisha thamani hiyo ndiyo inayomfukuza.

Na hao mama lishe hawahamishiki kwa barua. Yule aliyekuwa akiuza wali maharage kwa mkopo kwa makuli wa Ubungo, akijua nani analipa Ijumaa na nani hulipa akikumbushwa, alikuwa na mtaji ambao hauingii kwenye fomu ya fidia. Wengine walifuata Mbezi na kukuta vizimba vina kodi ya mwezi na mlinzi wa mlangoni. Wengine hawakufuata. Simlaumu aliyejenga vizimba, usafi unatakiwa. Nasikitika tu kwamba kila tunapoandika kisasa, wa kwanza kukosa nafasi ni yule aliyekuwa akiwalisha wote.

Kuna miji iliyobahatika au iliyofikiri vizuri. Msamvu, Morogoro, ni mfano ninaoupenda: stendi imekaa kwenye makutano yenyewe, njia ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa zikikutana, kwa hiyo basi halipindi kumtafuta abiria na abiria hapindi kulitafuta basi. Mwanza waligawa: Nyegezi kwa wanaokwenda upande wa Shinyanga, Nyamhongolo kwa wa njia ya Musoma. Mtu anayebadilisha basi kutoka upande mmoja kwenda mwingine ataumia kidogo, lakini mabasi hayalazimiki kukata mji mzima. Iringa ni kesi ngumu zaidi. Mji uko juu ya kilima na barabara kuu inapita bondeni, na stendi ilipopelekwa Igumbilo, watu wa mjini wakawa wanateremka na kupanda mlima ule kila safari. Ukiwauliza madereva wa mabasi makubwa watakwambia afadhali, kupandisha basi kilimani kulikuwa adhabu. Ukiwauliza wauza duka wa mjini watakwambia biashara imepoa. Wote wawili wanasema kweli, na sioni ramani ambayo ingewafurahisha wote.

Moshi bado iko kwenye mlango wa uamuzi kama huo. Stendi yake ya mjini imekaa pale panapotakiwa na kila mtu: hatua chache ufike sokoni, benki, msikitini, na ukijikaza kidogo hospitali ya Mawenzi. Mtu wa Rombo anaweza kushuka saa tatu, akapima damu, akanunua mbolea, akapeleka karatasi zake ofisini, na saa tisa akawa njiani kurudi mlimani, bila kulipa nauli ya ndani ya mji hata mara moja. Ni finyu, ni ya fujo, na mvua ikinyesha tope lake halina mwenyewe. Stendi mpya ya Ngangamfumuni imekuwa ikijengwa kwa miaka mingi kwa kusuasua, na siku itakapokamilika mabasi makubwa yatahama. Yahame, kwa yanayokwenda Dar es Salaam na Mwanza sina ugomvi.

Ila lile eneo la zamani lisiuzwe. Ziachwe Hiace na Coaster za Rombo, Marangu, Kibosho na Machame zipakie palepale, na upande mmoja lijengwe jengo la ghorofa mbili tu, halina haja ya vioo vya bluu, ambalo chini yake kuwe na dirisha la vitambulisho, dirisha la vizazi na vifo, dirisha la ardhi, na choo kinachofunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Juu waweke wanaopitisha ramani za mji, na dirisha lao litazame stendi.